Kiota Barazani kwa Severin

Kihonda,
Morogoro.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Ezekiel,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, Jesca na wanangu wawili. Nasikia huko Gothenburg baridi imeshaanza kuuma. Kifua chako vipi, kile kikohozi cha mwaka jana kimekuachia? Na Jesca bado anashinda kazini kwenye ile nyumba ya wazee bila kula mchana? Mwambie namwona kwenye picha, mashavu yamekwisha.

Mimi ni mzima. Goti linanisumbua kwenye ngazi tu, na presha imetulia tangu nilipoacha kusikiliza redio asubuhi. Mvua za vuli zimeanza kwa kusuasua. Watu wa mjini wanalalamikia tope kwa nguvu ileile waliyolalamikia vumbi.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kusema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao. Kaa chini, uisome mpaka mwisho.

Unajua tangu nilipostaafu ukunga nimeangukia kwenye ndege. Nilinunua darubini, nikaanza kuwatazama wa hapa uani, kisha wa kule bwawani Mindu. Watu wanacheka. Jirani yangu Zuhura aliniuliza kama ninawatafuta wa kula. Nikamwambia hapana, nawatazama tu. Akaniangalia kwa huruma, jioni akaniletea ugali na samaki.

Basi mwezi uliopita nikaamua kwenda kupumzika peke yangu kule juu Mgeta, kwenye lodji ya Severin. Ndiyo, huyuhuyu Severin wetu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa analia akiona jongoo. Ameijenga ukingoni mwa msitu, kwenye sehemu ya mama yake, juu kidogo ya lile bonde la bibi. Ameipa jina Paradiso ya Ndege. Nilimpigia meneja wake nikaomba nafasi kama mgeni mwingine yeyote. Sikutaka upendeleo wa undugu. Nilitaka kitanda, chai, na kuachwa nitazame ndege.

Gari lao lilinichukua Mlali, tukapanda kwenye ukungu mpaka masikio yakaziba. Nafika mapokezi, binti wa pale akachungulia nyuma yangu.

“Mama, mgeni uliyemleta yuko wapi?”

“Mgeni ni mimi.”

“Na mzee?”

“Mzee alishafariki.”

“Pole mama. Kwa hiyo umekuja na nani?”

Nikamwambia nimekuja na goti langu. Hakucheka. Nadhani kwenye mafunzo yao waliambiwa wasicheke mpaka mzungu acheke kwanza.

Kisha akatokea Severin mwenyewe. Shati la kaki lenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani, na viatu vyeupe, Ezekiel, viatu vyeupe kwenye udongo wa Mgeta. Huyu mtu nimembeba mgongoni. Maisha yake yote ananiamkia “shikamoo dada”. Siku hiyo, kwa kuwa barazani palikuwa na wageni, akaninyooshea mkono na kusema, “Karibu sana mama, habari za safari?” Halafu akawageukia wale wageni: “Huyu ni mama mmoja wa hapahapa Morogoro, anapenda mazingira.”

Mama mmoja! Nikachukua begi langu nikaenda chumbani. Nilikuwa nimekuja kupumzika.

Chakula sitakisimulia sana. Mgeta, ambako stroberi na plamsi zinaozea kando ya barabara, yeye anawanywesha watu juisi ya boksi. Kabichi imekatwa nyembamba kama nyuzi, ikawekwa katikati ya sahani kubwa, peke yake, kama mtu aliyekosa basi. Nikauliza kama kuna maharage. Mpishi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yapo, ila ni ya wafanyakazi. Nikala ya wafanyakazi.

Kulikuwa na daktari mmoja wa meno kutoka Dar, anaitwa Evance. Huyo anatazama ndege kama anayekusanya vizibo vya soda. Akimwona anambofya picha, anasema “tayari”, anageuka kumtafuta mwingine. Hata kumsubiri ageuze shingo hasubiri. Kamera yake ina lenzi kama bomba la moshi. Nilimuuliza anapenda ndege gani zaidi. Akajibu, “Wale ambao wenzangu hawajawapata.”

Na kiongozi wa msafara ni Mikidadi, mtu mzima wa makamo kutoka Mlali, amevalishwa magwanda ya kijani. Anatembea mbele na kutangaza kama yuko mnadani: “Wageni wangu, tunyamaze kabisaa!” Msitu mzima unanyamaza, ndege wakiwemo. Tulizunguka hivyo asubuhi nzima, tukaona kunguru.

Mchana nikawaambia naumwa goti. Walipoondoka nikateremka peke yangu kwenye bonde la bibi, kwa ile njia tuliyokuwa tunapita kuchota maji. Mdogo wangu, pale pako vilevile. Kijito, jiwe la kufulia, magome yaliyoota kuvu, na ule ubaridi unaopanda kutoka chini hata jua likiwa kali. Miti kadhaa mikubwa ilikuwa imepakwa rangi nyekundu shinani. Nikadhani ni alama za njia ya watalii, nikapita.

Karibu na jiwe la kufulia nikamwona chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua. Dume lilipita mara moja tu, kijani inayong'aa kichwani, kifua chekundu. Nililolifuata kwa darubini ni jike, ambalo halina urembo wowote. Lilikwenda moja kwa moja kwenye kichaka kilichoinamia maji, na pale nchani mwa tawi palining'inia kiota, kifuko kidogo cha kuvumwani, ule uoto laini wa magomeni, kimeshonwa kwa utando wa buibui, na tundu pembeni lenye kibaraza chake juu ili mvua isiingie. Jike likafika, tunduni vikatokea vidomo viwili vya manjano vimefunguka mpaka ungedhani vitachanika. Likalisha, likaondoka, likarudi.

Nilikaa pale mpaka makalio yakafa ganzi. Nimepokea watoto wengi mikononi mwangu, nikiwa na haraka, nikiwa na usingizi, umeme ukiwa umekatika. Sikuwahi kupata nafasi ya kukaa tu na kumtazama mama akilea. Siku hiyo niliipata. Kama likizo yangu ingeishia hapo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa.

Wakati wa chakula cha jioni Evance akaniuliza, kwa ile heshima ya kumuuliza mtoto kuhusu shule, kama na mimi nimeona chochote. Nilikuwa na furaha, nikasema. Nikaeleza kiota, makinda, kila kitu.

“Ni wapi hapo, mama?”

“Bondeni, karibu na jiwe la kufulia.”

Severin alikuwa meza ya pili. Akaacha kutafuna.

Asubuhi natoka chumbani nasikia kelele za furaha barazani. Nikaenda. Ezekiel, walikuwa wamelikata lile tawi. Wamelifunga kwa waya kwenye nguzo ya baraza, kando ya meza ya chai, na kiota kimening'inia hapo kama taa ya mapambo. Evance amelala kifudifudi na lenzi yake. Wageni wengine wameshika vikombe. Na Severin, mikono nyuma, anahubiri: “Ndugu zangu, hapa Paradiso hatuwafuati ndege. Ndege wanatufuata sisi.”

Mle ndani makinda yalikuwa yanalia. Ile sauti naijua mimi. Nimeisikia wodini miaka yote: mtoto aliyekosa ziwa na anayeanza kuchoka kulidai.

“Severin, mama yao yuko wapi?” nikauliza.

“Atakuja tu, mama. Ndege hawa wana akili sana.”

“Wana akili ya kutosha kutokuja hapa.”

Mgeni mmoja akacheka. Severin akanisogelea, akasema chini kwa chini, “Naomba tusiharibiane kazi.”

“Mimi ni dada yako,” nikasema, na sikusema chini kwa chini. “Mama yako na mama yangu wamenyonya ziwa moja. Wageni wako walikuwa hawajui, sasa wanajua. Nipishe.”

Mikidadi alikuwa amesimama na panga lake, anatazama buti. Nikamwambia, “Mikidadi, fungua waya.” Akasema, “Mama, bosi hajasema.” Magwanda yote yale, na buti, na filimbi shingoni, kumbe ndani hamna mtu. Nikaufungua mwenyewe. Vidole vilichanika, lakini nimewahi kufungua vigumu kuliko hivyo.

Nikafunika kiota kwa kilemba changu, nikashika tawi kwa mikono miwili, nikaanza kuteremka. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza na njia ilikuwa inateleza. Nasikia hatua nyuma yangu. Ni Evance, anakimbilia mbele ili anipate vizuri kwenye picha.

“Mama, simama hapo kidogo, mwanga ni mzuri sana.”

“Daktari,” nikamwambia, “ukibofya hicho kidude nakitupa mtoni, kisha utang'oa meno mpaka uzeeni kulipia kingine.”

Akabaki pale pale.

Nikachana ukingo wa kanga, nikalifunga tawi kwenye kichaka kilekile, kimo kilekile, tundu likiangalia maji kama mwanzo. Halafu nikarudi nyuma ya jiwe, nikakaa. Mvua ikaninyeshea. Kiota kilikuwa kimya. Nilianza kusali, Ezekiel, mimi mtu mzima nawaombea ndege, na sioni aibu kukwambia.

Lile jike lilikuja. Lilitua mbali, likasogea, likaondoka, nikadhani basi. Likarudi na kidudu mdomoni. Likaning'inia pale tunduni likisubiri, na kidomo kimoja kikafunguka. Kimoja tu. Kile kingine hakikuamka tena. Jike likamlisha mmoja aliyekuwepo, likaruka kwenda kutafuta tena. Kandege kasiko na uzito wa barua hii kalikuwa na utu kuliko baraza zima la Severin.

Nilikuwa bado nafuta macho alipoteremka Severin mwenyewe. Viatu vyeupe vilikuwa si vyeupe tena.

“Dada, umeniaibisha mbele ya wateja wangu.” Sasa nimekuwa dada.

“Umejiaibisha mwenyewe. Umekwenda kukata kitu kwenye bonde la bibi bila kumuuliza mtu.”

“Bonde la bibi?” Akacheka. “Bonde hili ni langu. Hii miti yenye alama yote inaondoka baada ya mvua. Hapa patakuwa na vibanda vya wageni, na hapo kwenye kijito naweka bwawa la kuogelea. Ezekiel ameshakubali.”

“Ezekiel yupi?”

“Ezekiel mdogo wako. Una mwingine?”

Nilijua anadanganya, maana Severin hudanganya hata juu ya hali ya hewa. Nikamwambia hivyo. Akatoa simu kwenye mmojawapo wa ile mifuko, akaifuta matone, akanichezea sauti yako.

Umesahau ulichosema? Mimi nakikumbuka. “Kaka Severin, hilo bonde lichukueni tu. Mimi huku silihitaji. Wala msimsumbue dada Regina, siku hizi ana mambo yake ya ndege.” Halafu ukacheka. Nyuma yako palikuwa na muziki.

Nilimdharau Severin tangu nilipoona viatu vyake, na Evance tangu aliposema “tayari”. Hao si kitu, nitawasahau. Lakini kukaa kwenye jiwe alilofulia mama nepi zako, mvua inanipiga, na kukusikia ukiligawa kwa kicheko! Hulihitaji. Nani alikuuliza haja yako? Ulidhani ni kabati la zamani, kwamba ukihama unamwachia anayebaki?

Unajua kwa nini alikufuata wewe, wala hakunifuata mimi niliyepo hapa chini ya mlima? Kwetu ardhi inapita kwa mama, na wewe ndiye mwanamume pekee wa tumbo la mama yetu. Watoto wote wa nyumba hii wewe ni mjomba wao. Severin alihitaji neno la mjomba ili aende kuwafunga watu midomo. Nawe ukampa, bila hata kupunguza muziki. Kile kijito ndicho kinachomwagilia karoti na kabichi za mama mdogo Hosiana, na za kila aliye chini yake mpaka barabarani. Ungejua hilo kama ungeuliza. Ulikula kabichi zake mpaka ukamaliza chuo.

Sikurudi kulala Paradiso. Nilichukua begi langu nikateremka kwa mama mdogo. Nilimkuta shambani anapunguza karoti, mgongo umepinda lakini mikono ile bado ina kasi. Nikamwambia yote. Alimaliza tuta kwanza. Kisha akasema, “Jumapili baada ya misa waje wote hapa kwangu.”

Wakaja. Severin naye alikuja, na picha kubwa ya bwawa, imechorwa kwa rangi, watu wamelala kando yake na miwani ya jua. Akaishikilia juu kama sanamu ya maandamano. Mama mdogo akaitazama kwa muda mrefu.

“Hili la bluu ni nini?”

“Ni bwawa la kuogelea, mama mdogo.”

“Na maji ya bustani zetu?”

“Yatapita kwenye bomba. Tutawapimia ya kuwatosha.”

“Utatupimia maji ya mama yetu?”

Wazee wakaiacha picha, wakamgeukia yeye. Severin akaona mambo yanamwendea vibaya, akawachezea watu sauti yako. Wazee, shangazi, wakwe, wote walikusikia, muziki na kicheko na ndege wangu. Mama mdogo akaomba isirudiwe. Akasema, “Mpigieni. Aseme sasa, nasi tumsikie.”

Nikapiga mimi. Nikaiweka simu mezani. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Wazee wote wameinamia simu kama wanaota moto. Hukupokea. Ilikuwa mchana wenu, siku ya mapumziko. Jioni nikaona umeweka picha mtandaoni, umeshika sahani ya keki. Sisemi zaidi.

Kikao kiliamua bila wewe. Bonde halitolewi, si kwa Severin wala kwa mtu mwingine, na mti wowote ukianguka bondeni ataulizwa yeye. Abaki na lodji yake kwenye sehemu ya mama yake. Alikunja picha yake akaondoka bila kunywa chai. Wiki hii nasikia amewaambia wageni kwamba ameamua kulihifadhi bonde kwa mapenzi yake. Na yule Evance ameweka picha ya kiota kwenye mtandao, ile ya barazani, watu wanamsifu kwa subira yake.

Mimi nilikaa kwa mama mdogo siku zilizobaki za likizo yangu, nakula maharage na stroberi. Kila asubuhi nilikwenda bondeni. Siku ya mwisho nilikuta kiota kitupu, roho ikashtuka. Kumbe kinda liko tawini, mkia bado mfupi, sura ya hasira, linamfokea mama yake alete haraka. Likaruka mara mbili mbele yangu, mara ya pili vizuri kuliko ya kwanza.

Sasa nakwambia ninachotaka, Ezekiel. Sitaki uniombe radhi. Mimi nitakasirika mpaka nichoke, kisha nitaacha, unanijua. Ila baada ya kile kikao, watu walipokwisha kutawanyika, nilimkuta mama mdogo ameketi jikoni. Nilidhani atakulaani. Aliniuliza tu, “Huko aliko kuna mtu anayemwita Zeki?” Nikasema sijui. Akasema, “Labda ndiyo maana.”

Tangu siku hiyo anatembea na simu kwenye mfuko wa gauni, hata shambani. Hakuna aliyemwambia kwamba utapiga. Ikiita, anafuta mikono kwanza, kisha anaitazama, kisha anaipokea, na siku zote ni mtu wa mbolea. Mpigie, Zeki. Usimweleze habari za bonde, limekwisha. Msalimie tu, na umwache aongee.

Pokeeni salamu za Zuhura, za binamu yetu Winfrida ambaye amejifungua salama mtoto wa kike, na za mdogo wake Stefano aliyesema umchagulie koti. Nibusie wanangu, na Jesca mwambie ale. Mungu awalinde na baridi, aufungue moyo wako na masikio yako, na awarudishe nyumbani siku moja mkiwa na miguu ya kupanda mlima.

Dada yako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,

Regina